Neno Skwota Nililolipeleka Bungoma

Nekesa, mama yangu,

Baba yako anajua Kiingereza chote. Nakuambia mapema, ili huko chuoni wakikuuliza akili umeitoa wapi usihangaike kutafuta jibu.

Haya, si chote. Mama yako amepita hapa nyuma yangu akauliza naandika nini, nikamsomea, akacheka mpaka akashika mlango. Ukweli ni kwamba najua maneno kama kumi na manne, na manane kati ya hayo ni ya kutukania maksai wakati wa kulima. Maksai wenyewe wanayaelewa kuliko mimi. Lakini katika yale sita yanayobaki kuna moja nililolivaa kama koti, nikalitembeza mpaka Bungoma, nikaringia watu nalo, na maana yake nilikuwa siijui. Neno lenyewe ni skwota.

Habari za sabuni na blanketi na watu wa kutosalimiana nao njiani, mama yako atakupa kesho asubuhi mpaka basi liondoke, na likishaondoka ataendelea. Mimi nimekaa hapa nje tangu saa nane na kalamu yako, nikuandikie habari ya hilo neno moja. Nina sababu mbili.

Ya kwanza ni ile fomu. Jumapili uliniuliza, "Baba, hapa wanataka kazi ya baba. Niandike nini?" Nikasema andika mkulima. Ukanitazama kwa macho ya nyanya yako ambaye jina lake ndilo hilo ulilonalo, ukasema mkulima ni mwenye shamba, sisi shamba letu liko wapi? Nikajifanya nimesikia ng'ombe akilia nikaondoka. Hakuna ng'ombe aliyelia. Na pale kwenye fomu pako wazi mpaka leo, nimechungulia.

Ya pili nimekuficha tangu Jumatatu. Nyapara aliniita kando akaniambia umepita umri wa kuhesabiwa mtoto. Kama ungetia kidole kwenye wino, ukavuna pareto na wenzako, jina lako lingebaki kwenye daftari la shamba. Kwa vile unaenda chuo, litakatwa kesho, siku hiyohiyo ya basi. Nikamwuliza na likizo je? Akasema, "Akitaka kuja, aje na barua ya Bwana, kama mgeni yeyote." Hakusema kwa ubaya. Hata alinipa sigara.

Kwa hiyo mambo ndiyo hayo. Chuo kikifungwa, wenzako watafunga masanduku waende kwao, na wewe hapa ulipozaliwa utakuwa mgeni wa barua. Mahali pengine ninapopajua ni kwa ndugu yangu Simiyu, huko Bungoma, karibu na chuo chako. Na kwa Simiyu hakufikiki bila kupitia hilo neno. Sasa nisikilize.

Nilitoka kwetu nikiwa kijana, ndevu zangu bado zinahesabika. Sikufukuzwa na njaa. Niligombana na baba kwa sababu ya fahali mmoja, nikasema naenda mahali ambapo hakuna wa kuniambia ng'ombe yupi alale wapi. Nikatembea siku mbili hadi huku Kitale, nikaangukia kwa mtu ambaye alikuja kuniambia hata mimi mwenyewe nilale wapi. Huyo ndiye Bwana Kofia, na wakati ule kofia yake ilikuwa bado mpya.

Karani wake akafungua daftari, akaandika, akanishika kidole gumba akakichovya kwenye wino. Nikamwuliza ameniandika kuwa nani.

"Skwota."

"Ndiyo kusema nini?"

"Ndiyo wewe," akasema, akaita mwingine.

Mapatano yalikuwa kwamba nimfanyie Bwana kazi sehemu kubwa ya mwaka, mimi na watu wa nyumba yangu. Naye anipe mahali pa kujenga, mahali pa kulima, na majani ya ng'ombe wangu. Ukiwa kijana ni mapatano matamu sana hayo. Kwetu nilikuwa nangoja mpaka baba apende kugawa. Hapa Mzungu amenigawia kwa kidole tu, na wino wenyewe ukatoka na maji. Nililala siku ile nikijua nimemshinda Mzungu ujanja.

Baada ya mavuno mawili nikaenda kwetu kusalimia. Nilikuwa na koti la jeshi nililonunua kwa mwenzangu, na viatu nilivyovining'iniza shingoni njia nzima, nikavivaa nilipovuka kijito cha nyumbani. Nikakuta wazee wamezunguka chungu cha pombe ya busaa, kila mmoja na mrija wake mrefu. Nikaketi kwenye kigoda changu, kile nilichokichonga mwenyewe kabla sijaondoka. Mguu wake mmoja ni mfupi, kwa hiyo ukikikalia unatikisika kidogo kama mtu mwenye mawazo.

Rafiki ya baba akaniuliza huko kwa Wazungu mimi ni nani. Vijana wengine walikuwa wamesharudi na majibu yao, huyu mpishi, huyu boi, huyu mkamuaji. Mimi nikanyonya mrija kwanza. Halafu nikasema, "Mimi ni skwota."

Wakanyamaza wote. Mama yangu, sijapata kuheshimiwa tena jinsi nilivyoheshimiwa na kimya kile. Wakauliza skwota hufanya nini. Nikawaambia ni mtu ambaye Mzungu amemkatia sehemu ya shamba lake, kwa maandishi. Tazama vizuri, hapo hakuna uongo. Nilichoacha ni kidole, na nyapara, na kile kipande cha reli kinachogongwa alfajiri kabla mtu hajamaliza ndoto yake. Mengine wazee waliyaongeza wenyewe. Chungu kikikaribia kukauka nilikuwa nimelingana na chifu, na Bwana Kofia alikuwa hawezi kupanda hata punje ya mahindi bila kuja kunigongea mlango. Ningewakatiza vipi, na busaa ilikuwa nzuri?

Neno likapendwa. Jirani yetu alipata mtoto wa kiume wiki ileile akampa jina Skwota. Si mzaha. Utamkuta Bungoma, sasa ni mtu mzima, anatengeneza baisikeli karibu na stesheni ya gari la moshi, na jina lake amelipaka rangi kwenye bati. Msalimie, lakini usimweleze kitu. Kosa si lake.

Ningekuwa nimeishia hapo, leo ungekuwa unacheka tu. Lakini miaka ikapita, baba akaugua, tukaitwa. Wazee wa ukoo wakaketi. Baba akainuliwa, akaegemezwa ukutani, akasema anataka kugawa wakati bado anatuona sura. Ardhi yake haikuwa kubwa, ila ilikuwa nyeusi, na inashuka mpaka kijitoni. Mimi ndiye mkubwa, akaanza na mimi.

"Wewe skwota," akasema, "huko Kitale unayo ya kutosha, au nikukatie na hapa?"

Wote wakanigeukia. Yule mzee aliyeniuliza kwenye busaa alikuwepo. Jirani alikuwepo, na mwanawe Skwota amesimama mlangoni ananyonya kidole akinitazama kama mtu anayetazama jina lake. Ilikuwa ni kusema maneno matatu. Baba, nikatie hapa. Nilikuwa nayo mdomoni, nakuapia. Kisha nikajisikia nikisema, "Mpe Simiyu yote. Mimi Kitale inanitosha."

Baba akacheka. Mtu ambaye alikuwa hawezi kumeza uji alicheka, akawaambia wazee, mnaona, nilizaa mtu. Siku ya tatu akafa.

Mpaka leo sijui nijute namna gani. Nikiitaka ardhi irudi, lazima nichukue na kile kicheko nikirudishe.

Basi nikarudi huku, nikamwoa mama yako, mkazaliwa. Neno nikaendelea nalo bila kuliuliza swali. Walionitia hamu ya kulijua ni ng'ombe. Ulikuwa mdogo sana ilipokuja amri ya kupunguza mifugo ya maskwota, na mimi nilikuwa na kumi na mmoja. Nikaambiwa watano watoke. Nikamwendea nyapara na kifua mbele, nikamwambia amesahau, mimi ni skwota, nimeandikwa kwenye daftari. Akaniambia, "Si ndiyo maana?" Watano wakatoka. Nami nikabaki nikijiuliza, hivi hili koti nililovaa miaka yote, ndani lina nini?

Nikaenda kwa mwalimu wa misheni, yule aliyekufundisha kusoma, mwenye suruali ya mstari. Nilidhani atafungua kitabu. Akapandisha suruali magotini, akachuchumaa mbele yangu, na watoto wote wa darasa wanaangalia dirishani.

"Hivi," akasema kutoka chini.

Ati kwa Kiingereza ndiyo hivyo. Skwota ni mtu aliyechuchumaa mahali. Nikamwuliza kwa nini huyo mtu asikae kabisa, magoti yake hayamuumi? Akasema anayekaa ana kiti, na kiti kina nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Aliyechuchumaa yuko tayari kuinuka akiambiwa. Halafu yeye mwenyewe akashindwa kuinuka kwa sababu ya ile suruali, nikampa mkono. Nilicheka mpaka nikafika barabarani. Barabarani nikaacha.

Unajua nilivyo. Nilipofika nyumbani nilikwenda nyuma ya ghala nikachuchumaa, nione mtu anaweza kukaa hivyo kwa muda gani. Sikumaliza hata sigara moja.

Ungefikiri hapo nimeshiba. Lakini neno likishaanza kukuwasha halikuachi. Siku moja nilikuwa natengeneza kibanda cha kuku karibu na baraza ya nyumba kubwa, na yule mama mzee wa Bwana Kofia, aliyekuja kuishi na mwanawe alipofiwa na mume, amekaa anafuma sweta. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, sawasawa na Kiingereza changu cha maksai, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko watu wengi. Nikamwuliza, Memsahib, skwota ni mtu wa namna gani?

Uso wake ukafunguka. "Babu yangu skwota," akasema. "Mkubwa sana. Kondoo mingi, mingi. Farasi. Nyumba ya mawe."

Nilikuwa na misumari mdomoni. Nashukuru sikuimeza.

Kumbe kwao si Uingereza, ni Australia, mbali zaidi. Akanieleza, na mikono, na sindano za kufumia, na maneno aliyoyapata. Ati zamani huko serikali ilichora mstari, ikasema mtu asipite hapa. Watu wenye kondoo wakapita. Wakajenga mbele ya mstari bila kuomba. Wakubwa wa serikali wakawaita maskwota, na lilikuwa tusi kamili, watu wa kuchuchumaa kwenye nchi isiyo yao. Lakini wale hawakuinuka. Kondoo wakazaa, sufu ikauzwa, wakawa matajiri, wakaingia hata kwenye kutunga sheria. Tusi likavaa kofia likawa cheo. Akasema alipokuwa msichana, binti wa skwota alikuwa hakosi wachumba.

Nikasimama pale na nyundo. Yaani yale niliyowaambia wazee kwenye busaa yalikuwa kweli tupu! Nilikosea nchi tu.

Halafu mdomo wangu, unaujua, ukatoka peke yake.

"Na kabla ya kondoo ya babu, Memsahib, hiyo nchi haikuwa na watu?"

Sindano zikasimama. Akatazama mahindi ya mwanawe.

"Watu walikuwa," akasema.

Kisha akaniambia kuku wanapigwa na jua, nimalize kazi. Kesho yake alinitumia kipande cha keki kwenye sahani, na mpishi akasema sahani nisirudishe. Ndiyo ile ya bluu unayolia chakula tangu utoto, ambayo mama yako huwaambia wageni niliinunua.

Tangu siku ile nimekuwa nikilichezea hili neno nikilima, nikichunga, nikiwa chooni. Babu yake yule mama alijikatia bila kuomba na hakuinuka, akawa skwota mkubwa. Bwana Kofia amekaa kwenye kiti, na hakuna anayemwita skwota. Mimi niliyeomba, nikatia na kidole, ndiye skwota, na mwanangu akienda shule jina lake linakatwa. Nani amechuchumaa hapo na nani amekaa? Sina jibu, usidhani nimelificha nyuma ya barua. Wewe unaenda kwenye vitabu. Ukilipata uniletee, na kama ni refu ulifupishe.

Sasa rudi kwenye fomu yako. Andika skwota. Wakikuuliza maana, una ya mwalimu na una ya Memsahib, uchague kulingana na sura ya anayeuliza.

Sasa Simiyu. Alikuja huku mara moja tu, wewe ukiwa unatambaa. Nilimngojea stendi mjini Kitale nikamzuia hukohuko, nikasema nyumbani kuna ndui ya kuku, wageni hawaruhusiwi. Ndui ya kuku, na yeye si kuku. Nikampeleka mpaka barabara ya juu nikamwonyesha mahindi ya Bwana Kofia, mpaka macho yalipochoka. Sikusema ni yangu. Nilisema, "Haya ndiyo tunayolima." Akatazama, akasema, "Ndugu yangu, umefika." Tukala nyama hotelini, akalala kwa rafiki yangu mjini, akarudi. Kila mwaka hunitumia salamu, na kila salamu ina shukrani ya ile ardhi.

Lakini nikuulize kitu ambacho nimekuwa nikijiuliza. Watu wangapi wa kwetu wamekuja huku baada yangu, wakatia kidole, wakarudi wakasimulia? Skwota siku hizi analijua kila mtu Bungoma, hata watoto. Simiyu si mjinga. Huenda alijua hata siku ile barabarani, aliposema umefika. Kama alijua akanyamaza, alinyamaza kunistahi, au alinyamaza ili nisije nikasema nirudishiwe ardhi? Nimeshajua maana ya neno, nusu ya Kiingereza na nusu ya Australia. Ninachotaka kujua sasa ni hicho tu, na siwezi kumwuliza kwa sababu nitaanza kwa kudanganya. Nimezoea. Nikiona uso wake nitamwambia habari za mavuno.

Kwa hiyo inabidi iwe wewe. Na kabla hujakasirika, kumbuka mtungi.

Hapa simsomei mama yako. Ule mtungi wake wa maji, aliopewa na mama yake, uliouvunja ukijifunza kutembea nao kichwani bila kuushika. Nani alisema ameupiga teke akitoka kwenye pombe? Nani hakupikiwa chai wiki nzima? Nani hutajiwa mtungi mpaka leo kila akichelewa? Sijakudai hata siku moja. Leo nakudai.

Jumamosi yako ya kwanza ya ruhusa, nenda kwa baba yako mdogo Simiyu. Usimpelekee zawadi, atafikiri ni za shamba. Mwambie kwa mdomo wako kwamba ndugu yake ni skwota, na maana yake ni ile ya mwalimu. Mwambie hatuna mahali, na chuo kikifungwa wewe huna pa kwenda. Sema polepole, mtazame usoni, ili uje uniambie kama ameshtuka au hakushtuka. Ardhi usiitaje. Nilimpa mbele ya baba, na baba alicheka.

Omba kitu kimoja tu. Mwulize kama kile kigoda chenye mguu mfupi bado kipo. Akikitoa, usikilete huku, huku hakina pa kukaa. Kikalie hapohapo kwake, chini kabisa, na uzito wako wote, mpaka chai iishe.

Kisha uniandikie kama bado kinatikisika.

Baba yako